Ukuta Uliotoka Jasho

Siku ile naikumbuka kwa mlio wake, mwanangu, kabla ya kitu kingine chochote. Hata leo tairi la lori likipasuka pale barabarani hapa kwetu Mpemba, mwili wangu unaruka kabla akili haijauliza ni nini, na wajukuu wananicheka. Wacheke tu. Hawakuwepo.

Nilikuwa msichana mbichi, sijamaliza hata mwaka tangu niolewe na Hezroni. Mama yake nilimwita Mama, na hapa pia nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa mwoka mikate. Malori yaliyosubiri kuvuka mpaka wa Tunduma yalipanga foleni mpaka mbele ya nyumba yetu, na dereva aliyekaa kwenye foleni tangu jana anataka chai na mkate wa moto, hana habari na kitu kingine.

Tanuri lake lilikuwa uani, la matofali ya kuchoma yaliyoshikanishwa kwa udongo wa kichuguu. Kwa sura lilikuwa baya, nisikudanganye. Lilijaa viraka kama suruali ya mkulima, na Mama hakuacha kukanda udongo na kuziba nyufa zake kwa kidole. Lakini lile tanuri likishashika moto, halikuwa na haraka ya kuuachia. Tuliwasha kuni mchana, tukatoa majivu, tukaoka mikate, kisha tukaingiza chungu cha maharage na kuufunga mdomo. Asubuhi maharage yameiva na ukuta bado una joto. Kwenye baridi yetu hii, mimi nilikuwa nikiegemeza mgongo pale huku nikijifanya napanga kuni.

Hezroni aliliona ni aibu. Alifanya biashara ya kuvusha bidhaa Nakonde, upande wa Zambia, na mkono wake ulikuwa umeanza kufunguka. Wewe unatujua watu wa huku. Mtu akipata riziki kidogo, jambo la kwanza ni kuufukuza udongo nyumbani. Anaanza na sakafu, anakwenda kwenye kuta, anamalizia na kaburi la baba yake, kote simenti. Hezroni alimpenda mama yake kuliko kawaida, na kila alipomwona ana matope mpaka kwenye viwiko, roho ilimuuma.

Basi Mama alipokwenda Isansa kumsaidia dada yake kuchuma kahawa, Hezroni alileta mifuko ya simenti. Alikwangua udongo wa zamani kati ya matofali mpaka kisu kilipofika, akajaza simenti. Kisha akalipiga tanuri lipu nje, nene, akailainisha mpaka ikateleza. Juu ya mdomo aliandika jina la mama yake kwa msumari. Mimi mwenyewe nilisimama uani nikasema hapo sasa ni kwa watu. Lilipendeza mno.

Mama alirudi siku moja kabla ya sherehe, maana Hezroni alikwisha kualika watu. Kwetu tanuri jipya halianzi kuoka kimya kimya. Akina mama wa kanisa wanakuja na nyimbo, mzee wa kanisa anaomba, na mkate wa kwanza anautoa mwanamke mkubwa kuliko wote kwa mkono wake. Ndiyo maana anawekewa kigoda mbele kabisa, karibu na mdomo wa tanuri. Siku ile mkubwa kuliko wote alikuwa Mama mwenyewe.

Jioni ile aliyorudi alilizunguka tanuri lake. Akaweka kiganja kwenye lipu, akakiacha hapo muda. Hezroni alikuwa anamtazama usoni kama mtoto anayesubiri kusifiwa.

"Limekuwa zuri, baba," Mama akamwambia. "Umenitunza."

Kesho yake moto uliwashwa. Na kwa kuwa watu walikuwa wengi, Hezroni aliuwasha mkubwa tangu mwanzo, magogo ya mkaratusi yaliyokauka vizuri, ili mikate iive kabla maombi hayajaisha. Akina mama waliimba. Baada ya muda nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Ile lipu ya kijivu ilianza kupata madoa meusi ya maji, hapa na pale, yakawa yanachuruzika.

"Jamani tazameni," mmoja akasema, "hata tanuri linafanya kazi mpaka linatoka jasho."

Watu tukacheka sana. Chini ya nyimbo kulikuwa na sauti nyingine ndogo, kama bisi zinapoanza kupasuka ndani ya sufuria. Mimi nilidhani ni kuni.

Hezroni alisogea akainama ili achungulie ndani. Mama akamshika shati. "Baba, hebu kaniletee kuni zingine kule nyuma." Akanigeukia na mimi. "Mwanangu, unga umebaki ndani, nenda kachukue." Unga ulikuwa mwingi tu pale mezani, lakini mkwe hambishii mama mkwe mbele ya wageni. Nikaenda.

Nilikuwa mlangoni lilipopasuka.

Sikusikia mlipuko tu, mwanangu, niliusikia kifuani. Nilipogeuka, upande mzima wa mbele haukuwa na lipu. Vipande vilikuwa vimetapakaa uani, vingine vimezama ndani ya mikate niliyoiumua, na mvuke unatoka ukutani kama sufuria iliyofunuliwa. Wimbo ulikatika katikati ya neno. Mama alikuwa chini pembeni ya kigoda, mikono yote miwili usoni, na damu ilikuwa inapita katikati ya vidole. Hezroni alisimama na kuni zake kifuani, hakuziangusha, hakusogea. Nilimwita jina lake mara nyingi. Alinitazama kama hanijui.

Aliyetusaidia alikuwa dereva wa Zambia, kijana tuliyezoea kumuuzia mikate. Alisikia kishindo akaja mbio. "Bamayo, muleteni kwenye gari," alisema, yaani mama kwa lugha ya kwao. "Foleni ikae." Kwa anayeijua foleni ya Tunduma, huyo kijana alitoa kitu kikubwa. Alichomoa lori lake kwenye mstari aliokuwa ameulalia, akatupeleka hospitali. Mungu amkumbuke popote alipo.

Walimfunga Mama macho yote mawili. Daktari alisema jicho la kushoto haliwezi kurudi, na la kulia tusubiri. Ndicho tulichokaa tukikisubiri, kama Mama ataona tena au atashikwa mkono maisha yake yote. Mama ndiye aliyekuwa akiwasomea akina mama Neno, maana wengi wao hawakujua kusoma. Hezroni alikaa sakafuni kwenye korido, chakula nilichopeleka nilirudi nacho. Nilimwonea huruma na nilimkasirikia, vyote kwa pamoja.

Siku bandeji ilipofunguliwa, Hezroni alipiga magoti. "Mama, unaniona?"

Mama alimgeukia. Jicho lilikuwa jekundu, linatiririka machozi. "Nakuona. Umekonda. Nenda kanunue chai, unywe na wewe."

Alipotoka, Mama akanishika mkono. Nilidhani anataka kushukuru.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, Mama?"

"Nilipoligusa jana yake lilikuwa bado bichi. Udongo wangu mwenyewe ukiwa mbichi siuwashii kuni. Nauwashia majani, kidogo, kesho tena kidogo, mpaka maji yote yatoke. Na moto ulipopanda nikasikia ukuta unapasuka kwa ndani. Lakini watu wanaimba, mwanangu kahangaika, mzee wa kanisa amesimama. Ningesemaje kwamba zawadi haifai?"

"Ungesema tu, Mama."

"Hezroni alipoinama niliogopa. Ndipo nikamtuma kuni. Nikakutuma na wewe."

Nikauachia mkono wake. Kumbe ule unga! "Na wale waliobaki wanaimba?" nikamuuliza. "Mama, pale palikuwa na mwenye mimba."

Aligeuza uso ukutani, na lile jicho moja lililobaki likalia. Mwanangu, mlipuko ulinishtua, lakini neno lile lilinishtua zaidi, na mpaka leo sijalizoea. Mwanamke mwema kuliko wote niliowahi kuwajua aliona hatari, akawaondoa wawili aliowapenda kwa hila ndogo ya kuni na unga, akakaa mwenyewe mbele ya moto, na wengine akawaachia Mungu. Yote hayo ili asimwaibishe mtoto wake mbele za watu.

Sikulificha. Nilimwambia Mama kwamba Hezroni lazima alisikie kutoka kwake mwenyewe, la sivyo ataishi akidhani ni simenti tu iliyomtoa mama yake jicho. Mama aliporudi nyumbani aliwaita wale wale akina mama, akasema yote wakiwa wamekaa. Yule mwenye mimba aliinuka akatoka bila kuaga, na ilichukua muda mrefu kabla hajarudi kununua mkate kwetu. Hezroni alisema neno moja tu: "Mama, mimi ningelibomoa tanuri siku ile ile."

Alilijenga upya mwenyewe. Aliwaendea wachoma matofali wa Isansa, nao wakamweleza bila kumcheka. Simenti ni nzuri penye mvua na penye mzigo, ila moto mkali unainyonya nguvu mpaka inapukutika. Ikiwa bado na maji ndani halafu umeilainisha nje, mvuke unakosa pa kutokea, basi unajitafutia njia wenyewe. Udongo wa kichuguu ukichanganywa na mchanga na vumbi la matofali unameza joto taratibu na kulitoa taratibu. Unapasuka, ndiyo, lakini unapasuka kidogo kidogo na mbele ya macho yako, unaziba, unaendelea. Safari hii tulilikausha kwa moto wa majani mpaka Mama mwenyewe aliposema limetulia, na hakuna aliyeona aibu kumsubiri.

Sasa nisikilize, wewe unayejenga nyumba yako au ndoa yako. Usione haya kitu kinachofaa kwa sababu haking'ai. Usiwashe moto mkubwa kwa sababu wageni wamefika. Ukipewa zawadi ukaiona ina kasoro ya kuumiza watu, iseme hapo hapo, hata kama kwaya inaimba, hata kama aliyekupa ni mtoto wa tumbo lako. Aibu ya siku moja inaisha. Na ukijikuta unawatuma uwapendao kwa hila watoke mahali, ujue umeshaiona hatari, basi paza sauti watoke wote.

Mungu akupe watu wa kukwambia ukweli moto ukiwa bado mdogo, akupe na moyo wa kuwasikiliza. Uzeeke ukiwa na macho yako yote mawili.