Chungu cha Mlokole

Wenzangu mliokulia bondeni kwetu, kule chini ya Kitanga, ninyi mliopakwa mawese miguuni siku ya Krismasi mkang'aa mpaka vumbi la njiani likawavika soksi, sogeeni tucheke kidogo. Nasikia bonde letu limepandishwa cheo. Limewekewa kibao barabarani kinachosema hapa ndipo penye mvinyo wa asili wa ndizi, na kwamba kijiji chetu ni cha kihistoria. Miaka yote ile tuliyokanyaga historia kwa miguu peku, ikituchoma miiba, hakuna aliyetuambia.

Mvinyo wenyewe siku hizi uko kwenye chupa yenye kizibo na picha ya mgomba uliopendeza kuliko mgomba wowote niliowahi kuuona. Kijana anayeuuza alinieleza, polepole na kwa heshima zote, kwamba kabla ya kukamuliwa ndizi huvundikwa. Nilimshukuru sana. Mimi niliyekwenda shule nikinuka moshi wa shimo la kuvundikia nilikuwa nasubiri tu apatikane msomi wa kunifafanulia.

Sisi tulivundika ndizi bila kibao. Shimo lilitandikwa majani ya migomba, ndizi zikapangwa humo, moshi ukapulizwa, juu yake majani tena na udongo. Zikishaiva zilimenywa na kutiwa kwenye mtumbwi, lile gogo lililochongwa kama la kuvukia mto, halafu wanaume wakazikanyaga pamoja na nyasi mpaka juisi ikajitenga na kutoa povu. Kazi yetu watoto ilikuwa kuleta nyasi na kufukuza nyuki. Malipo yetu ilikuwa umutobe, ile juisi yenyewe kabla haijatiwa mtama wa kukaanga na kugeuka pombe. Tulikunywa mpaka matumbo yakalia kama ngoma. Mama alikuwa akituambia, "Kunyweni tu, ila kesho mtu asije kuniambia paa linavuja." Na kweli asubuhi mikeka ilianikwa uani, mbele ya watu wote, nasi tukienda shule tunajifanya hatuijui ni ya nani.

Shule nayo ilikuwa na raha zake. Kila Jumatatu kuni, kila Ijumaa kinyesi cha ng'ombe cha kusiriba madarasa, na katikati ya wiki, nafasi ikipatikana, hesabu. Nyumbani tulisema Kirundi, njiani Kiha, darasani Kiswahili, na mimi nilichapwa kwa kukosea katika lugha zote tatu. Wanangu leo wakisikia hivyo wanasema tulinyanyaswa. Nawaambia hapana, tulikuwa tunalelewa, halafu najishika mkono mahali palipobaki alama.

Lakini nilitaka kuwasimulia habari ya chungu cha baba yangu, maana wengi mliokuwepo mlikuwa wadogo na mnaisimulia vibaya.

Sisi tulivuka mpaka tukikimbia vita, mimi nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Serikali ya kijiji ikampa Baba shamba na pa kujenga. Wakubwa wakadhani yamekwisha. Ninyi mnajua hayakwisha. Shamba lilitolewa na kijiji, lakini mabega yalitolewa na bonde. Gari halikuwepo, na hospitali ilikuwa nyuma ya vilima ambavyo hata mbuzi alivipanda kwa kuguna. Mgonjwa alilazwa kwenye ingobyi, kile kitanda cha kufuma kinachofungwa kwenye miti na kubebwa mabegani, na wanaume wakapokezana mpaka kwa daktari. Nani anabebwa? Aliyekunywa nao chungu kimoja. Mgeni alitakiwa kupika pombe, kuita majirani, kuketi nao na kunywa. Asiyefanya hivyo hakuchukiwa na mtu, alisalimiwa vizuri tu, mwakeye, mwakeye neza, ila siku ya shida kila mmoja alikuwa na ng'ombe wa kumtafuta.

Na Baba alikuwa mlokole. Si mlokole wa kuvaa tai Jumapili tu. Alikuwa mlokole wa kuzunguka mbali ili asipite upepo unakotoka kilabuni. Alisema Bwana aliyetuvusha mto hatashindwa kutubeba bila pombe. Maneno mazuri, na Mama angeyapokea kwa furaha kama asingekuwa mjamzito. Mtoto aliyetangulia, yule aliyenifuata mimi, alikufa tumboni na nusura aondoke naye. Mganga wa zahanati akamwambia waziwazi kwamba huyu mwingine akizaliwa nyumbani, basi tuandae na kaburi. Mama hakubishana na Baba. Alimwambia mara moja tu, akipepeta maharage, akimwita kwa jina langu mimi binti yake.

"Mungu ana nguvu, Baba Domi, sikatai. Lakini kile kilima atakipanda nani nikiwa nimelala?"

Kisha akachukua panga, akaenda kukata ndizi. Baba aliishi siku kadhaa na sura ya mtu aliyemeza mfupa. Mwishowe akakata shauri la kisomi: atapika, ila hatakunywa. Aliona amempata Mungu na bonde kwa mpigo mmoja. Akachimba shimo mwenyewe, akazivundika ndizi kwa sala ndefu, akazikanyaga akiimba pambio, na nadhani tangu dunia iumbwe hakuna ndizi zilizochacha katika hali ya utakatifu kama zile.

Majirani walikuja wote jioni iliyopangwa. Mbele yao Mzee Bukuru, ambaye ndiye aliyepanga nani abebe wapi kila ingobyi ilipotoka. Chungu kikawekwa katikati ya ua, mirija ikachomekwa, povu likapanda vizuri kabisa. Baba akawakaribisha kwa mstari wa Zaburi, akaketi, akaweka mikono magotini. Nao wakaketi, wakaweka mikono magotini.

Hapa niwakumbushe wenye elimu nyingi waliosahau. Kwetu mwenye nyumba ndiye anayeonja kwanza, mbele ya macho ya watu, ili kila mtu ajue hakuna kilichotiwa humo. Asipoonja, hakuna kinywa kitakachogusa mrija. Na hakuna atakayemwambia aonje, maana kumwambia ni kumtuhumu sumu. Baba alilijua hilo, hata kwao alikotoka ilikuwa hivyo. Alitumaini tu kwamba kwa ajili yake watu wazima wangejisahaulisha.

Hawakujisahaulisha. Walizungumzia mvua. Walizungumzia nguruwe pori waliofukua mihogo. Waliporudi kwenye mvua nikajua mambo ni mabaya, kwa sababu mvua yenyewe haikuwa na jipya tangu walipoiacha. Povu likaanza kushuka. Nzi ndio waliotangulia kuonja, na nzi hawakuhesabiwa. Sisi watoto tuliagizwa tukae kimya, tukakaa kimya kwa mara ya kwanza katika historia ya kile kijiji cha kihistoria.

Mama akatoka ndani. Tumbo lilikuwa limeshuka. Akaketi kwenye mkeka kando ya chungu, akaegemeza mkono mgongoni. Mzee Bukuru akamtazama, akatazama chini, akashika fimbo yake akainuka. Akasema kwa adabu kubwa kwamba wameshiba maneno, ngoja wakafunge ng'ombe. Wengine nao wakaanza kuinuka.

Nilimwona Baba akimtazama Mama, na Mama akimtazama yeye. Nilikuwa mdogo, lakini niliogopa, maana sikuwahi kuona mtu mzima akitazamwa hivyo na mtu mzima akakosa pa kuweka macho. Baba akasogea kwenye chungu akapiga magoti, kama anavyopiga kwenye sala, akashika mrija kwa mikono miwili. Hakuonja. Alivuta kama mwenye kiu ya safari nzima ile tuliyokuja nayo, mpaka akapaliwa, akakohoa, machozi yakamtoka. Ni ya kupaliwa, alisema baadaye, na sisi watoto wenye heshima tuliamini. Akajifuta mdomo, akasema karibuni.

Mzee Bukuru aliketi tena, akanywa. Alipomaliza akamwambia Baba, "Siku ikifika usije kwangu kupiga hodi. Piga yowe tu, tutasikia."

Habari zilifika kanisani kabla povu halijakauka. Baba akatengwa, akakalishwa benchi la nyuma kabisa pamoja na wezi wa kuku na binti mmoja aliyependa densi. Mzee wa kanisa aliyesoma hukumu alitumia sauti ya masikitiko makubwa. Sisi watoto tulijua mtumbwi wa kukamulia tulioazima ulitoka nyumbani kwa nani, lakini watoto wa zamani tulikuwa na nidhamu, hatukuwa tunachangia mada. Baba alikaa benchi lile mpaka mdogo wangu akaanza kutambaa na kufika madhabahuni peke yake. Hajanywa tena mpaka leo. Na hakuomba msamaha kwa kile alichokunywa, jambo lililorefusha adhabu.

Maana mdogo wangu alizaliwa, na Mama akapona. Uchungu ulimshika asubuhi ya mvua, Baba akasimama uani akapiga yowe, na wanaume wakatoka migombani na udongo mikononi. Wenye kukumbuka mnakumbuka wenyewe jinsi ingobyi ilivyokwenda, bega likibadilishwa bila kusimama, wa mbele akitaja jiwe na utelezi ili wa nyuma ajue pa kukanyaga. Mama aliwajua wote. Miaka mingi baadaye ungemkuta anachambua mboga akiwataja: nani alianza mbele, nani alimpokea kwenye mto, nani aliteleza akapiga goti lakini hakuuachia mti. Alijua baba zao na mama zao. Mtu wao akiugua, Mama alikuwa mlangoni kabla ya uji kuchemka.

Huyo mdogo wangu leo yuko Dar es Salaam, ana kitambi na maoni. Amenitumia ujumbe wa sauti kwamba bonde letu ni fursa, nipige picha za wazee na mirija nimtumie. Nikamwambia wazee wa mirija wamebaki wachache, na hao waliobaki hawana meno. Akasema meno si tatizo, watu wanapenda uhalisia. Nilipomwambia barabara inakatika mvua zikizidi, akaniuliza kwa nini mgonjwa asiitiwe gari. Mtoto aliyepanda kilima mabegani mwa watu kabla hajazaliwa.

Masika haya Mama aliugua. Nilitoka Kasulu nikaja, na gari likaitwa, na gari likaja, hongera zake, likasimama ng'ambo kwa sababu maji yalikuwa yameondoka na daraja. Mzee Bukuru alishakufa, na wenzake waliobaki ni wa kubebwa wao. Nilisimama uani na simu yangu nzuri, nikaandika kwenye kundi letu la wanabonde. Nilitumiwa mikono ya kuomba mingi mno, na mmoja akatuma ua.

Waliokuja ni vijana waliokuwa kibandani kwenye chupa za mvinyo. Sikuwaita mimi, sijui nani aliwaambia. Walikuja na suruali zao zinazoanguka, mmoja ana waya masikioni, wakamlaza Mama kwenye mlango tuliouong'oa. Hawakujua kubadilishana mabega, walikuwa wanasimama kila mara na kugombana. Baba alitembea kando yao na fimbo, akiwatajia mawe. Lakini walimvusha, maji yakiwafika kifuani, hawakumtia hata tone la maji. Nilipogeuka kuwashukuru, mmoja akasema, "Poa tu, mama," wakapanda pikipiki zilizokuwa zikisubiri abiria ng'ambo, wakaondoka. Mimi ninayewacheka vijana toka mwanzo wa maneno haya, nilibaki nimesimama pale na asante yangu mdomoni.

Hospitalini, Mama alipopata nguvu ya kusema, kitu cha kwanza aliniuliza waliombeba ni wa nani. Nikamwambia ni vijana wa pale pale, Mama, vijana wazuri.

"Sikukuuliza kama ni wazuri," akasema. "Nimeuliza ni wa nani."

Nikampigia mtu wa bondeni, naye hakujua. Wengine wamehamia juzi kutoka Gwarama, akasema, wengine wanapita tu. Baba naye hakuwajua, na ilimuuma kuliko alivyotaka nione. Mama aliniuliza tena kesho yake. Aliniuliza kila nilipoingia na chupa ya uji, akitaka hata jina moja, hata la mama wa mmoja wao, mpaka asubuhi ile aliyokuwa haulizi tena.

Tulimrudisha bondeni kwa gari, kwenda kumzika. Daraja lilikuwa limeshatengenezwa, na kuvuka pale hatukuhitaji bega la mtu yeyote.