Rimu ya Lori na Gitaa la Yaya Espoir

Hata leo nikisikia chuma kikigonga chuma, huwa nangoja wimbo uanze. Kanisa letu la Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, halikuwa na kengele. Lilikuwa na rimu ya gurudumu la lori, imening'inizwa kwa waya mbele ya mlango, na shemasi aliigonga kwa nondo kila asubuhi. Sauti yake ilianza nzito, kisha ikabaki ikivuma hewani kwa muda mrefu, kama mtu anayetaka kulia akajizuia. Nasimulia msimu mmoja wa baridi, miezi ile upepo unapoingia chini ya mlango na moshi wa maharage unakataa kupanda juu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tulikuwa tumefika kutoka Bukavu, Kongo, miaka miwili kabla, mama, mimi na kaka yangu Espoir mwenye miaka kumi na saba, niliyemwita yaya kama sisi tunavyowaita wakubwa wetu. Tangu tufike, yaya hakuwa akiongea ila akiulizwa jambo. Mama alishonea watu nguo kwa cherehani ya kuazima huku akimtazama kwa jicho la pembeni, na mimi nilichoka kumwona akimtazama hivyo.

Kilichomfungua mdomo ni gitaa. Alilitengeneza mwenyewe kwa galoni la mafuta ya kupikia, kipande cha ubao na nyaya za breki alizookota kwa mafundi wa kabaza, zile baiskeli zinazobeba abiria. Rafiki yake Juvénal, Mrundi mwenye mikono mirefu, akatengeneza babatoni, besi ya uzi mmoja iliyomzidi kimo. Mimi nikapewa ndoo ya unga na vijiti viwili, kwa kuwa kidole kimoja hakivunji chawa na hakuna mwingine aliyeitaka. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kupiga. Hatukujua hata nyuzi hukazwa kwa kufuata nini, basi Espoir akasimama chini ya rimu ya kanisa, akaigonga kwa jiwe, akakaza waya wa kwanza mpaka ukafanana nayo. Nyingine akazifuatisha kwa kubahatisha. Tangu hapo, kila jioni kabla ya kupiga tulipita kwanza kwenye rimu. Na yaya akaanza kuimba, sauti ikikwaruza, nyimbo za vitu tulivyovijua: foleni ya mahindi, kiatu kilichobaki njiani, mbuzi wa jirani aliyekula daftari langu.

Majirani walituita Kelele, nasi tukalichukua jina hilo bila kinyongo. Jirani yetu Mama Neema, mjane aliyetoka Burundi na ambaye hakuwa na subira na mtu, alikuwa akiipua sufuria yake ya maharage mara tu tulipoanza, aje asimame mbele yetu mikono kiunoni. "Munapiga mubaya, ee Mungu wangu!" alisema. Kisha, tukinyamaza, akitaka tuanze tena: "Haya, murudilie." Sidhani kama maharage yake yaliiva sawasawa msimu ule. Nimejiuliza mara nyingi alisikia nini. Nadhani ni kwamba sisi hatukujua kosa liko wapi, hivyo hatukuliogopa. Wimbo ukikwama, Espoir alipiga ukelele nasi tukamfuata. Ukianguka, tuliuokota hapohapo mbele ya watu. Mama alisimamisha cherehani yake kumsikiliza mtoto wake akisema.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Maestro Bahati, fundi nguo aliyefundisha kwaya yetu, alikuwa amesoma muziki Bukavu, na alikuwa na kinanda cha betri. Akatusifu. Akasema mchungaji kutoka Lilongwe angekuja kuchagua kundi moja likaimbe mjini, nasi tungeweza kuwa kundi hilo, ila nyuzi zetu zifuate kinanda. Akagonga rimu, akabonyeza kitufe kimoja, akabonyeza kinachofuata, sauti ya rimu ikawa katikati ya hizo mbili, akatikisa kichwa. "Batoto, muziki iko na sheria. Hii sauti haiko." Hakuwa mtu mbaya, alitupa alichokuwa nacho. Espoir alikataa. Mimi ndiye niliyetaka kwenda mjini, kuona taa na maduka, nami nikambembeleza siku tatu. Siku ya tatu nikamwambia, "Yaya, fanya hata kwa ajili ya mama." Nilijua hilo hangeweza kulikataa. Nilimkosea kaka yangu, na nilijua wakati ule ule kwamba namkosea.

Tulifundishwa kwa majuma mawili. Tulijifunza kuhesabu, kuanza pamoja, kumaliza pamoja. Jioni ya mwisho tulipiga uani kama kawaida, na Mama Neema akaja akiwa ameacha sufuria motoni. Akasikiliza wimbo mmoja. "Sasa munapiga muzuri," alisema kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, akarudi kwenye maharage yake.

Tulichaguliwa. Tuliimba katika kanisa moja la Biwi, mjini Lilongwe, tukapigiwa makofi, tukapewa soda na mkate. Kesho yake Espoir akalipandisha gitaa juu ya nyumba, akalilaza juu ya plastiki ya paa ili upepo usiipeperushe plastiki hiyo. Nikamlilia alishushe, arudishe nyuzi kwenye rimu kama zamani. "Haiwezekani, Furaha," akaniambia. "Sasa mi najua kama iko mubaya." Hiyo ndiyo sentensi ndefu ya mwisho niliyoisikia kwake mwaka ule. Mama akarudia kumtazama kwa jicho la pembeni.

Sasa naishi Kawale, Lilongwe, nauza vitambaa katika soko la Tsoka, na Jumapili napiga kinanda kanisani. Nafundisha watoto pia: hesabu, anza, maliza. Nimechoka, si kwa kazi. Kila ibada ikiisha watu huniambia nimepiga vizuri, na wakati wanasema hayo tayari wanatafuta viatu vya watoto wao waondoke.

Mwaka jana nilikwenda Dzaleka kumwona yaya. Anatengeneza baiskeli kando ya soko, mvi zimeanza. Nilikaa juu ya galoni nikimwangalia akikaza breki ya kabaza. Alipomaliza, akaudonoa ule waya kwa kidole gumba, akasikiliza, akakaza kidogo tena, akaudonoa. Ilikuwa sauti ile ya rimu, kabisa.

"Rudilia, yaya," nikamwambia.

"Ni breki tu," akasema, akampa mwenye kabaza baiskeli yake.

Niliporudi Kawale sikuvua hata viatu. Niliwasha kinanda nikaitafuta sauti ile, kitufe kwa kitufe, mpaka jirani akagonga ukuta. Maestro alisema kweli. Haimo.