Uji wa Waojibwe

Juzi, kwenye basi la kutoka mtaa wa International City, huku ughaibuni, yaya Mkenya aliyeketi kando yangu alikuwa akimsomea bintiye hadithi kwa simu. Binti amelazwa hospitalini nyumbani Kakamega, anaugua surua. Kitabu, alichoazima kwa watoto wa madam, mwajiri wake, kilihusu familia ya Waojibwe, wenyeji asilia wa Amerika, enzi za kale. Ndui ikaingia nyumbani mwao, ikamshika kitinda mimba.

Yaya akausoma mstari uliofuata kwa macho tu.

“Mama, mtoto alipona?”

“Alipona. Asubuhi akaitisha uji.”

Nilichungulia. Kitabu kilisema walimzika.

“Basi hata mimi kesho nitaitisha uji,” simu ikajibu.

Nimezoea kuwakemea wanaopotosha vitabu. Safari hii nilifyata ulimi, nikaanza kuiogopa hiyo kesho.