Kuhamisha Mmarakuja wa Mama

Mama alipofariki, kaka yangu alitangaza kwamba ua wa nyuma ya nyumba yetu ya Masisi utang'olewa ili malisho yaongezeke. Juu ya ua huo ulitambaa mmarakuja wa mama, mmea wa matunda ya pasheni, kitu chake pekee kilichobaki hai. Mimi nimeolewa Ntoto, kule msituni Walikale, kwa hiyo sikuwa na neno juu ya ng'ombe wake. Lakini mmea ule ningeuhamisha, apende asipende.

Nilikata vijiti kumi, nikachovya ncha zake katika samadi mbichi, nikavifunga ndani ya gunia. Kwetu, jambo lolote likishindikana, ng'ombe ndiye jibu. Siku ya pili nilifika Ntoto, nikafungua mzigo mbele ya mama mkwe. Vijiti vilikuwa vimeungua kwa joto la samadi, vyeusi, vinanuka. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Nyinyi batu ya Masisi! Munafikiri mavi ya ngombe njo dawa ya kila kitu?"

Nilichukia, tena zaidi kwa sababu alisema kweli. Kesho yake, bila hata kunibembeleza, alikata kipande cha mgomba chenye urefu wa mkono, akakitoboa matundu.

"Utachomeka humu. Mugomba iko na maji yake. Hata wiki moja, haiwezi kauka."

Nikarudi Masisi na gogo langu mgongoni. Ua haukuwepo tena. Mmarakuja ulikuwa umelala chini, ng'ombe anautafuna. Nilimpiga kofi la pua, nikavuta tawi kutoka mdomoni mwake.

"Dada, iko mumea tu," kaka akasema.

"Basi uniachie huo mumea tu."

Nilipata vijiti vitatu vyenye macho mazima, nikavichomeka katika gogo. Nilipovipanda Ntoto, viwili vilikauka. Cha tatu nilikikinga jua kwa majani ya mgomba, nikakimwagilia kila asubuhi kwa hasira, hadi kikachipua. Mwaka uliofuata kilikuwa kimeshapanda paa la jiko.

Tunda la kwanza nililikata nikiwa nimesimama. Lilikuwa chachu, wala halikukaribia utamu wa yale ya Masisi. Mama mkwe alinikazia macho.

"Iko sawa na ya mama yako?"

"Njo yenyewe, Mama," nikamjibu, nikalimaliza lote mpaka mbegu ya mwisho.