Kura Juu ya Jina Langu

Jina langu la asili sitaliandika hapa. Ukilisoma utacheka, au utajikaza usicheke, na sijui ni lipi kati ya hayo mawili linaloniuma zaidi. Nililipokea kwa babu yangu, naye kwa babu yake, na kwa muda mrefu lilikuwa jina tu, kama majina mengine ya watu wa kwetu milimani. Kisha tajiri mmoja mwenye jina kama langu, ambaye ukoo wake haukutani na wangu popote, akalibandika kwenye pakiti ya sumu ya panya.

Sumu yenyewe ni nzuri, siisingizii. Balaa ni wauzaji wake. Wanapita mtaani na kipaza sauti begani, na sauti iliyorekodiwa inarudia bila kupumua: panya, mende, kunguni, viroboto, halafu jina langu, halafu "wanakufa hapo hapo!" Asubuhi wanapita, jioni wanapita. Mimi ni fundi wa makochi na nafanyia kazi kando ya barabara, kwa hiyo sina hata mlango wa kufunga. Vijana wa stendi wananiita Mzee Panya, tena kwa heshima zote: "Niaje Mzee Panya, umeamkaje?" Nimewazoea. Nawajibu. Nilichokuwa sijafikiria ni kwamba mzaha huo ungefika mpaka kwa mtoto mchanga.

Mimi na mke wangu tulijaliwa binti mmoja tu. Kwetu mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama, na zamani hilo halikuwa jambo la kukalia kikao. Binti yangu anaishi Kayole na mumewe. Alipozaa mvulana wa kwanza, mtoto akapewa jina la baba wa mkwe wangu, na ilikuwa haki. Mimi nikangoja zamu yangu. Mwaka huu akazaa wa pili, tena mvulana, kwa kupasuliwa, na daktari akamwambia asijaribu tena. Basi ilikuwa ni huyu au hakuna. Mtu ambaye jina lake halina mjukuu wa kulibeba, kwetu huyo amekwisha, hata kama bado anakunywa chai. Sijui namna ya kulisema hilo kwa upole.

Waliniingiza, bila mke wangu, kwenye kundi la simu la familia ya mkwe wangu wakati wa kuchangia mazishi ya dada yangu. Siandiki kitu humo, nasoma tu, na nadhani walishasahau kwamba nimo. Mtoto akiwa hajamaliza wiki, mkwe wangu akaandika: "Watu wangu, tuongee ukweli. Jina la Guka wa upande wa mama mnajua liko na shida gani. Mnaonaje?" Guka ni babu. Guka ni mimi. Nilikuwa nimeketi juu ya kochi la mteja ambalo halijatiwa kitambaa, misumari mdomoni, nikaitema mkononi nikaanza kusoma.

Watu walikuwa na maoni, hilo siwanyimi. Shangazi wa mkwe wangu, mama wa kanisa, alisema jina humfuata mtu maisha yake yote na hakuna mzazi mwenye akili anayemwita mwanawe sumu. Mwingine akasema walitie katikati, baada ya jina la Kizungu, hapo nani ataliona? Binamu mmoja wa chuo kikuu akamjibu: "Zii, walimu husoma majina yote. Dogo ataitwa Dawa ya Panya mpaka amalize shule. Hiyo jina ni noma." Mwingine akashauri wamwandikie mwenye kiwanda awape karo. Hapo picha za kucheka zikajaa simu yangu mpaka nikashindwa kuona maneno. Mtu mmoja tu, mama yake mkwe wangu, aliandika kwamba mzee bado yu hai na jina ni lake. Hakujibiwa. Wakapiga kura, siku hizi simu ina mahali pa kupigia kura, na kaka mkubwa wa mkwe wangu akatangaza matokeo kwa mzaha kama mtu wa redio. Nilishindwa vibaya.

Nilitaka kuandika kitu. Nilitaka kuwauliza kama yule tajiri alipochapisha pakiti zake alikuja kuniomba ruhusa. Nilitaka kuwauliza kama wao, wenye majina safi, wana uhakika kesho hakuna atakayeyaweka kwenye karatasi ya choo. Nilijua majibu yao, nikaiweka simu kifudifudi. Kusema kweli wengi wao hawakuwa wabaya. Walikuwa wanamhurumia mtoto, na mimi pia namhurumia. Hilo ndilo lililonivunja nguvu, kwamba sikumpata wa kumchukia.

Kesho yake binti yangu akanipigia.

"Baba, kuna kitu tunataka kukuuliza kuhusu jina la mtoto."

"Uliza, mama."

"Si kwetu mtoto anaweza kupewa lakabu ya babu yake, kama jina lenyewe halifai? Ndiyo nikasema nikuulize. Wewe ulikuwa na lakabu gani?"

Ni kweli, ruhusa hiyo ipo. Wako wajukuu waliopewa lakabu za babu zao, kwa sababu babu alikuwa mrefu, au mchungaji, au mchekeshaji. Nilijikuna kichwa. Nilitafuta tangu utotoni mpaka uzee. Ujana wangu wote watu waliniita jina langu, kwa kuwa halikuwa na kasoro. Lakabu niliyo nayo ni moja, ile ya vijana wa stendi, na ile nayo ni ya panya.

"Sina," nikamwambia.

Nilijua angelia, na mtu mwenye mshono tumboni hafai kulia. Nikamwambia waniache, wampe mtoto jina la anayefuata, na mtu akiuliza waseme ni mimi nimekataa.

"Asante, Baba," akasema. Alilisema upesi mno. Ningependa angalau angebisha kidogo.

Mtoto akapewa jina la kaka mkubwa wa mkwe wangu, yule aliyetangaza matokeo. Niliomba wasimwambie mke wangu, nitamwambia mwenyewe. Kisha sikuweza. Alikuwa anapika uji uliochachuliwa, anapiga pasi leso, ananiuliza kama sikio la mtoto litakuwa limekunjika kama langu. Kila nilipofungua mdomo nilijikuta naulizia chumvi.

Tulipofika Kayole wanawake wa jirani walikuwa wamejaa sebuleni. Mke wangu hakuketi. Alinawa mikono, akampokea mtoto kwa binti yetu, akamwinua mpaka usoni. Kwa desturi yetu bibi humwita mjukuu aliyebeba jina la mumewe "mume wangu", na wanawake hucheka, na bibi humtania mumewe kwamba sasa ana mpinzani.

"Karibu, mume wangu," akasema, kisha akalitaja jina langu lote, kwa sauti, kwa madaha, kama alivyolitaja siku tulipofunga ndoa.

Hakuna aliyecheka. Mkwe wangu alitazama sakafu. Binti yangu alinitazama mimi. Mke wangu akafuata macho ya binti yetu mpaka yakamfikisha kwangu, naye bado anatabasamu, akingoja aelezwe utani uko wapi.

"Huyo si mimi," nikamwambia. "Hakupewa jina langu."

Alimtazama mtoto kwa muda, kama mtu aliyechukua mzigo wa mwenzake kwa makosa. Akamrudisha kwa mama yake polepole, akimshika shingo vizuri. Kisha akaniuliza choo kiko wapi. Tumekuwa tukiingia nyumba ile tangu binti yetu aolewe, na choo anakijua. Nilinyoosha kidole, akaenda, nasi sote tukasikiliza maji ya bomba yakimwagika kwa muda mrefu.