Asili ya "deadline" niliyoitunga barazani ikamponza Clarisse

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi, mtaa wa Naviundu. Ninayoandika yalitokea, na aliyekosa ni mimi. Sina wa kumsingizia.

Nina miaka sabini na mbili. Sekondari nilisoma Zambia kwa Kiingereza, nikikaa kwa mjomba. Huku kwetu shule ni Kifaransa, kwa hiyo mtaa mzima unaniita Teacher. Sijawahi kufundisha hata siku moja.

Kazi yangu ya uzeeni ni kukaa barazani na kueleza maneno ya Kiingereza yametoka wapi.

Window ni jicho la upepo, kwa lugha ya watu wa kaskazini walioivamia Uingereza zamani. Goodbye ilikuwa dua: Mungu awe nawe. Curfew ni couvre-feu yetu hii hii, amri ya kufunika moto. Hiyo watu wa hapa wanaipenda mno, wanaona Kifaransa kimejificha ndani.

Hizo ni za kweli, nilizisoma.

Shida ni kwamba nikiulizwa nisilolijua, nilikuwa natunga. Kwetu mzee akisema, kijana hamuulizi ameyatoa wapi. Nami nilishanogewa.

Clarisse ni binti wa jirani. Amesomea ualimu, miaka miwili hana kazi. Shule moja ya binafsi ikamwita afanye leçon d'essai, yaani unafundisha somo moja mbele ya jury, wao wanaamua. Akachagua asili ya maneno ya kila siku, akaja kwangu na daftari.

"Papa Teacher, na deadline? Inatoka wapi?"

Sikujua. Lakini mdomo ulishaanza. Nikamwambia ni neno la migodi ya Katanga: wasimamizi Waingereza walichora mstari wa chokaa chini ya ardhi, ukiuvuka unakufa. Nikaongeza hata jina la msimamizi. Nikamwambia iko kitabuni. Akaandika yote.

Siku ya somo, mama mmoja wa jury akamuuliza hiyo ya deadline ameisoma wapi. Wakampa hadi Jumatatu alete kitabu.

Akaja mbio. "Papa, munipatie ile kitabu. Mengine yote banapenda. Banangoja ile moja tu."

Hapo ningeweza kuyamaliza. Badala yake nikasema kitabu kiko Pweto kwa dada yangu, nitaagiza.

Siku tatu sikukaa. Naingia, natoka, nafungua sanduku la vitabu ninalojua halina kitu. Mke wangu akasema, "Weye unatafuta nini? Utatoboa sakafu."

Clarisse alipita kila asubuhi. "Papa, Pweto banasema nini?"

"Kiko njiani."

Wakuu, kitabu kisichokuwepo nilishakipandisha lori la samaki wakavu.

Jumapili baada ya misa nikaenda kwao. Nikamwambia hakuna kitabu, nilitunga.

Hakupandisha sauti. "Papa, juu ya nini hamukusema tu 'sijue'? Ningeweka ingine."

Jumatatu nikaongozana naye mpaka shuleni, nikasema mbele ya jury kwamba kosa ni langu. Yule mama akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatueleza: deadline ilikuwa mstari kwenye jela za wafungwa wa vita Marekani, ukiuvuka mlinzi anakupiga risasi. Nilikuwa karibu na ukweli, lakini ukaribu huo haukunisaidia.

"Asante, mzee," akasema. "Lakini atakayesimama mbele ya watoto ni yeye, si weye."

Wakachukua mtu mwingine.

Juzi barazani wakaniuliza hello imetoka wapi. Hadithi ilishafika kwenye ulimi, na majina yake yote. Nikasema sijui. Wakacheka. "Teacher leo anagonjwa."

Clarisse alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ukuta. Hakugeuka.

Somo nililolipata nimelipata nikiwa nimechelewa: kusema sijui kungeniondolea sifa ya jioni moja. Kutosema kumemwondolea mwenzangu kazi. Bado natembea ndani ya nyumba kama ninayetafuta kitu.

Mwenye asili ya neno lolote, hello ikiwemo, aiweke hapa chini. Ila aandike ameisoma wapi. Asipoandika nitamuuliza, hata kama amenizidi umri.