Kipimo cha mate kilisema mimi si wa kunenepa, mdogo wangu ndiye. Hadi leo nashangaa yaliyofuata nyumbani

Wakuu, habari za saa hizi. Kwa wakubwa zangu, shikamooni.

Huwa nasoma tu humu na kupita. Niko kidato cha tatu hapa Babati, na mambo yangu naandikaga kwenye daftari basi. Hili limenishinda kukaa nalo. Sitaongeza chumvi, na nisipoelewa kitu nitasema sikuelewa.

Nianze na lililo wazi: mimi ni mnene. Sio kidogo.

Shuleni naitwa Bonge. Juzi kati bodaboda mmoja wa Maisaka aliniambia, "Dada, wewe peke yako ni mishikaki," yaani nimeshakuwa abiria watatu kwenye pikipiki moja. Wenzake wakacheka mpaka wakashika matangi.

Ila hao hawaniumizi sana. Aliyekuwa ananiumiza ni mama.

Mama aliamini nakula kwa siri. Sukari ikipungua kwenye kopo, ananiangalia mimi. Nikichelewa kutoka shule, "Umepitia kwa nani kula?"

Wakuu, sili kwa siri. Nakula sahani moja kama mdogo wangu Elia, na Elia ni mwembamba kama ufito.

(Simlaumu mama kihivyo. Bibi alikuwa mnene, akaugua kisukari, akakatwa mguu, akafariki. Mama ndiye alimuuguza.)

Sasa mama mdogo, anayeishi Ulaya, akaja likizo na vichupa vya kutemea mate. Akasema vinapima DNA. Wataalamu wanajumlisha vitu vingi vidogo ulivyorithi kwa wazazi, halafu wanatoa namba moja ya kukadiria kama mwili wako una mwelekeo wa kunenepa.

Nilitema kwa moyo wote. Elia akanitania, "Dada, taratibu, usije ukajaza na cha kwangu."

Nadhani mimi ndiye mtu pekee Babati nzima aliyemwomba Mungu apewe namba kubwa ya unene. Nilitaka mama aone ni damu, sio wizi.

Mama mdogo akarudi na vichupa Ulaya. Majibu yakaja kwenye simu ya mama, tukiwa tumemaliza kula mchana.

Mimi: 22 kwenye mia.

Elia: 94.

Nilisoma mimi kwanza, nikamrudishia mama simu. Mama akasoma, akarudia, akaniangalia.

"Kwa hiyo wewe sio damu. Ni mdomo."

Elia akacheka, "Kumbe mimi ndiye bonge mtarajiwa!" Mama hakucheka. Alimwangalia kama anamwona bibi amekaa pale kwenye kigoda.

Hapa ndipo mambo yalipoharibika.

Ugali wangu ukapunguzwa kwa sababu namba yangu ni ndogo, kwa hiyo kosa ni langu. Ugali wa Elia nao ukapunguzwa kwa sababu namba yake ni kubwa, kwa hiyo awahiwe mapema. Maziwa yake ya asubuhi yakakatwa, akawa anapewa chai ya rangi tupu.

Nikawa najiuliza, sasa namba ya kula ni ipi?

Mimi nilizoea kusemwa. Elia hakuzoea njaa. Akaacha utani, akawa anarudi shule na kulala na sare.

Asubuhi moja akaanguka kwenye mchakamchaka. Mwalimu akampigia mama, tukakutana zahanati. Muuguzi akampima uzito, akaangalia mifupa ya mabega yake.

"Mama, huyu asubuhi anakunywa nini?"

"Chai ya rangi."

"Hali ni ngumu nyumbani?"

"Hapana. Kuna kipimo kimesema atakuwa mnene."

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Atakuwa mnene lini, mama? Maana leo hana hata nguvu za kukimbia."

Mama alitoka nje, akakaa kwenye benchi, akampigia mama mdogo. Aliweka sauti kubwa, akamweleza yaliyompata Elia.

"Dada, nani alikwambia umnyime mtoto maziwa?"

"Si wewe ulituma 94?"

Mama mdogo akamwambia asubiri, akafungua yale majibu upya. Halafu akaeleza kwamba ile ni nafasi kwenye foleni. Ukipanga watu mia kwa mwelekeo wao wa kurithi, Elia yuko karibu na walio juu. Haisemi atanenepa. Na watu waliopimwa kutengeneza hiyo hesabu wengi ni Wazungu, kwa hiyo kwetu sisi inakosea zaidi.

"Imeandikwa chini pale kwa Kiingereza, sikukutafsiria. Nisamehe, dada."

"Na ya huyu mkubwa?" Mama aliuliza bila kunitazama.

"Hivyo hivyo. Haithibitishi kitu. Haiwezi kukwambia nani anamaliza sukari yako."

Wakuu, nilipigwa butwaa. Namba ambayo nusura imlaze mdogo wangu kitandani, na iliyonihukumu mimi, kumbe haikutujua.

Jioni mama akapika ugali na dagaa. Elia akapewa kikombe cha maziwa kabla hajaomba. Ilipofika sahani yangu, mama akasimamisha mwiko.

"Hivi wewe huwa unashiba?"

Sikumbuki kuulizwa hivyo maishani. Nikasema, "Tangu zile namba, hapana."

Akapakua. Akakaa. Halafu akauliza taratibu, "Na sukari?"

"Sio mimi, mama."

"Haya."

Neno moja tu. Lakini hakuongeza lingine, na hakuangalia kopo.

Nilichojifunza: kipimo kinaweza kuwa cha kweli na bado msiwe mmekielewa. Muulizeni aliyeleta namba imetokana na watu gani kabla hamjagusa chakula cha mtoto. Na kabla ya mate, muulizeni mtoto mwenyewe.

Bado ni mnene. Wiki ijayo naenda na mama kupima sukari na presha, yeye ndiye alisema tuende wote.

Wataalamu wa DNA mlioko humu, nirekebisheni nilipokosea. Wazazi, niambieni mngefanyaje. Na wale wa kunitania, karibuni pia, ila mishikaki nimeshaisikia, leteni kipya.